Mzee akishazikwa, gawaneni zamu zake kabla ya mali

Wiki hii nimepata ujumbe wa msomaji wa Sahare, hapa Tanga. Babu yake amezikwa Ijumaa. Alikuwa mvuvi wa ngalawa, akisomesha chuo cha Kurani barazani kwake, ndiye aliyeshika ufunguo wa msikiti, na alipanda mikoko topeni tangu siku ambazo majirani walimwona anapoteza wakati. Wajukuu wameshachanga fedha za fulana zenye picha yake na bango la arobaini. Msomaji anauliza kama hilo linatosha.

Halitoshi, ndugu yangu. Fulana itafuliwa mara kumi na sura ya mzee itafifia. Nimekaa kwenye matanga mengi ya wazee wa namna hii, na nasema kwa uchungu: watu hulia vizuri, huzika vizuri, hupika vizuri, kisha kabla ya miezi sita chuo kimefungwa, njia ya pwani imeota miba, na ngalawa imelala ubavu mchangani inapasuka kwa jua.

Sababu ni moja. Mzee huacha mali, na mali ina utaratibu wake: kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, na kinachobaki ndicho cha warithi. Mzee huacha pia zamu, yaani kazi zile alizozifanya kila siku au kila wiki kwa ajili ya watu bila ya kuandikiwa popote. Zamu haimo kwenye mirathi. Hakuna anayeigombea, basi nayo hufa kimya kimya.

Kwa hiyo kikao cha kwanza kiwe cha zamu. Kifanyeni siku ya pili au ya tatu ya matanga, baada ya alasiri, kabla watu wa Dar na Mombasa hawajapanda basi. Chukueni kaunta buku, pigeni mistari ya safu tano: kazi yenyewe, siku na saa, kifaa kinachotumika na kiliko, aliyekuwa akimsaidia, na atakayeishika sasa. Msiandike "alihudumia msikiti". Andikeni: kufungua mlango saa 10 na nusu usiku, kuwasha taa, kutazama birika la udhu kama limejaa, na maji ya bomba yakikatika kuteka ndoo kisimani, ufunguo wa akiba uko kwa jirani fulani, balbu za akiba ziko kwenye kopo juu ya kabati. Zamu iliyoandikwa hivyo hata kijana wa miaka kumi na saba anaiweza. Iliyoandikwa kwa sifa haishikiki.

Mambo matatu huharibu kikao hiki. La kwanza ni kuipa kamati zamu. Zamu apewe mtu mmoja na msaidizi mmoja, kwa majina. La pili ni kumpa zamu ndugu mwenye fedha anayeishi mbali. Huyo atoe nauli, balbu na rangi, lakini zamu ishikwe na mtu anayefika kwa miguu. La tatu, na hili linaniudhi kuliko yote, ni kuwasahau wanawake wa nyumba. Ukiuliza vizuri utakuta birika lililokuwa likijazwa na mzee, maji yalitekwa na shangazi. Na ukiuliza nani alikuwa akiwasikiliza watoto wadogo wa chuo wanapokwama kwenye herufi, utatajiwa binti wa nyumbani. Waulizeni wao kwanza, wao ndio wanaoijua ratiba.

Amana ndizo za kuharakisha. Mtu wa watu hushika fedha za watu: mfuko wa msikiti, ada za chuo, mchango wa chama cha kufa na kuzikana, pesa ya jirani aliyeogopa kukaa nayo ndani. Hizo si mali ya marehemu hata senti, na zikichanganyika na ubani wa matanga, yaani rambirambi, jina lake linaingia doa asilolistahili. Tafuteni bahasha, makopo na daftari zake mbele ya watu watatu, mmoja awe mzee wa msikiti. Hesabuni, andikeni, kabidhini kwa saini. Kwa madeni ya mvuvi, nendeni kwa wenyewe msisubiri waje: tajiri wa chombo kama kilikuwa cha ubia, muuza nyuzi na ndoana, duka la mtaani, na mabaharia wake ambao huenda fungu la safari ya mwisho halijagawanywa. Wengi wataona haya kudai msibani. Cheti cha kifo nacho msikiweke kiporo. Taarifa ya kifo hutolewa ndani ya siku 30, na bila cheti hamtafungua mirathi mahakamani, wala hamtatoa fedha zilizobaki kwenye simu yake.

Sasa njoo kwenye karatasi. Wazee wengi waliosoma chuo wanaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: hesabu za samaki, tarehe za kuzaliwa watoto, dua, dawa za mitishamba, mashairi. Baada ya arobaini nyumba husafishwa, mtu mwema anaona herufi za Kiarabu, anadhani zote ni aya, na kwa kuzihishimu anazichoma ili zisikanyagwe. Ndivyo daftari za maisha ya mtu zinavyoteketea kwa nia njema. Wekeni sharti tangu siku ya kwanza kwamba hakuna karatasi itakayochomwa mpaka mwalimu anayesoma herufi hizo na anayejua Kiswahili cha zamani ameipitia.

Kuzihifadhi si kazi ngumu, ila ina miiko. Msibandike selotepu; gundi yake huwa ya kahawia na kula karatasi. Msizipeleke kutiwa plastiki ya moto, maana hazitoki tena. Msizifunge kwenye mfuko wa nailoni, kwani kwa joto na unyevu wa Tanga ukungu hauchelewi. Zilalie bapa ndani ya boksi la karatasi gumu, juu ya kabati, mbali na ukuta unaopitisha maji na mbali na mchwa. Kila ukurasa upigwe picha, mbele na nyuma, dirishani mchana bila ya fleshi, na rula ikiwekwa pembeni ili ukubwa ujulikane. Picha za zamani ziandikwe majina nyuma kwa penseli laini, si kwa bik, wino huchomoza upande wa pili. Na mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni kama faili, si kama picha. Ikienda kama picha inabanwa, na ile nukta ndogo juu ya herufi, inayotofautisha neno na neno, inapotea. Nakala ziwe tatu, moja ikae mji mwingine.

Bahari ndiyo inayopotea upesi kuliko karatasi, kwa sababu haikuandikwa kabisa. Mvuvi wa mshipi anauendea mwamba wake kwa kuunganisha alama za nchi kavu. Mnara fulani ukikaa juu ya mnazi fulani, huo ni mstari mmoja. Ncha ya kisiwa ikianza kufunika mlima wa Usambara ulio nyuma yake, huo ni wa pili. Mistari inapokutana ndipo anaposhusha nanga. Mzee aliyevua miaka hamsini ana alama za namna hiyo nyingi kichwani, na kila mwamba una jina na samaki wake. Mjukuu anayejua majina bila alama hana kitu. Tena alama zenyewe zinakatwa: mnazi unaanguka, ghorofa linajengwa, mnara unapakwa rangi nyingine.

Mpateni baharia wake angali na nguvu. Tokeni naye asubuhi ya maji mafu, siku ya 8 au 9 ya mwezi mwandamo, au ya 22 au 23, mkondo ukiwa mlegevu, na kabla upepo haujashika. Mkifika, msikimbilie kubonyeza simu. Acheni simu itulie dakika mbili tatu mpaka ile duara ya mahali kwenye ramani inywee, kisha hifadhini. Pigeni picha mbili, kila moja ikielekea mstari wake wa alama. Shusheni bildi, ile risasi ya kamba ya kupimia kina, na mhesabu pima. Andikeni chini kuna nini, mwamba, mchanga au majani. Andikeni na saa, kwa sababu maji ya bamvua, yaani maji makubwa, hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na pima ulizopata maji yakiwa yamejaa si zile za maji yakikupwa. Mwisho ulizeni: tasi hupatikana wapi, changu wapi, pono wapi, kwa chambo gani, msimu wa upepo wa kusi au wa kaskazi? Jibu la baharia litakuwa fupi. Liandikeni kama alivyolisema.

Orodha hiyo isipelekwe kwenye kundi la simu la ukoo wenye watu mia mbili. Miamba yetu imeshateswa vya kutosha na mabomu ya wavuvi haramu. Akae nayo mvuvi wa nyumba na mtunza daftari mmoja.

Hali kadhalika hesabu za nyota na upepo. Kuna msemo wa Kilimia, kile kikundi cha nyota, kila mzee wa pwani anao: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Vijana wanaunukuu kama methali tu. Kwa mkulima na mvuvi ni kalenda. Muulizeni baharia au mke wa marehemu: mzee alikitazamia Kilimia wapi, juu ya paa gani, mwezi gani? Alipokiona, alifanya nini shambani, na alipandisha chombo lini? Hapo ndipo methali inarudi kuwa elimu.

Mikoko inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa familia nyingi hutaka kupanda kwa jina la mzee na nyingi hupanda vibaya. Wanafika watu sitini na fulana zao, wanachomeka miche popote penye tope, wanapiga picha, na baada ya kusi moja hakuna hata mche. Huo ni uharibifu wa miche na wa nia.

Anzeni na ruhusa. Mikoko yote ya bara ni msitu wa serikali ulio chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, hivyo nendeni ofisi yao, na kwa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi wa pwani yenu, hata kama mnapanda na hamkati. Kama sehemu yenu imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009, piteni na kwao.

Pili, chagueni mahali kwa kutazama miti iliyopo. Mlilana husimama mbele kabisa, kwenye maji. Nyuma yake huja mkoko wenye mizizi ya miguu ya kaa, kisha msinzi na mkandaa, na mchu huonekana kandokando hadi kwenye ukingo wa juu karibu na nchi kavu. Jazeni mapengo yaliyo kati ya miti ya aina moja. Msiende kwenye tope tupu la mbele lisilowahi kuota kitu. Kama mti haujaota hapo wenyewe kwa miaka yote, kuna sababu, na mara nyingi ni mawimbi. Wala msipande juu ya majani ya bahari, hayo ni malisho ya tasi na mahali pa vitoto vya samaki.

Kwa familia isiyo na kitalu, mkoko ule wa mizizi ya miguu ya kaa ndio mwepesi, maana tunda lake humea likiwa bado mtini na kuning'inia kama fimbo ya kijani. Fimbo iliyokomaa ina pete ya manjano pale inapoungana na tunda, na ukiigusa kidogo inaachia. Inayong'ang'ania mtini haijaiva, iacheni. Msikwanyue kile kikofia kwa nguvu, kinaweza kuondoka na kichipukizi. Kwa eneo la mita 20 kwa 20, kwa nafasi ya mita 1, mnahitaji miche 400; okoteni 500, kwa kuwa mingine itakuwa na matundu ya wadudu. Ilazeni kivulini chini ya gunia bichi siku tano hadi saba. Kaa hupenda fimbo mbichi, na iliyokaa kidogo haimvutii sana.

Siku ya kupanda iwe bamvua inapoanza kupungua, siku ya 17 au 18 ya mwezi mwandamo. Maji hukupwa mnamo saa 5 hadi saa 6 mchana, mnapata muda wa kutosha, na siku zinazofuata ni za kuelekea maji mafu, hivyo mkondo hauing'oi miche kabla haijashika. Fungeni mafundo kila mita kwenye kamba ya manila, inyosheni, na chomekeni penye fundo. Theluthi moja ya fimbo iingie topeni, mbili zibaki juu, kichipukizi kikitazama mbinguni. Nimetaja hilo la kichipukizi kwa sababu kila safari kuna mche uliopandwa kichwa chini. Msiipigilie kwa jiwe. Tope likiwa gumu hivyo, si mahali pake. Watu 10 wanatosha, kila mmoja miche 40. Wengine wabaki ufukweni na sufuria ya uji, maana watu sitini wakitembea topeni wanakanyaga kuliko wanavyopanda.

Kisha hesabuni, na hii ndiyo zamu yenyewe: baada ya wiki, baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu. Majani mawili ya kwanza hutazamiwa kwenye mwezi wa pili. Iliyokatwa usawa wa tope ni kazi ya kaa. Iliyoinama kwa uzito, imebeba vigamba vigumu vya bahari; vikwangueni kwa kidole, si kwa kisu. Iliyoliwa majani, tafuteni mbuzi ni wa nani na mkazungumze na mwenyewe kwa adabu. Ikifa zaidi ya nusu, msirudie hapo hapo mpaka mjue kilichoiua.

Ya hitima, kisomo cha Kurani cha kumwombea marehemu, ni mafupi. Zipo nyumba hazisomi hitima wala hazifanyi arobaini, na hilo ni la wenye nyumba na mashekhe wao, mtu asilete ugomvi msibani. Kwa wanaosoma, juzuu ni 30: wakiwa wasomaji 30 kila mmoja moja, wakiwa 15 kila mmoja mbili. Waalikeni wanafunzi wake wa zamani wa chuo, wa miaka yote, na kila mmoja aandike jina lake na mwaka alioanza. Mtakuwa mmepata rejista ya chuo ambayo mzee mwenyewe hakuwa nayo. Chakula kiwe cha kiasi: kwa watu 100, mchele kilo 15 na nyama kilo 12 zinatosha, sinia moja watu watano. Kinachozidi hapo kiende kwenye mbao za paa la chuo. Mtume amesema mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Mzee wenu aliacha zote tatu zikiwa njiani. Kwa nini fedha yote iishie kwenye sufuria na bango?

Mkitaka kuandika wasifu wake, msiulize watu alikuwa mtu wa namna gani. Watawajibu wote neno moja, alikuwa mtu wa watu, na hamtapata kitu. Muulizeni baharia: wingu la kusi likitanda mko nje, mzee alianza na kamba ipi? Muulizeni mwanafunzi: ukikosea alifanyaje, alirudia yeye au alikwambia urudie wewe? Muulizeni mama anayenunua samaki mnadani: siku hukuwa na fedha, alikwambia nini? Miaka ikiwapotea, iwekeni pembeni ya mambo yanayojulikana. Uhuru 1961 alikuwa ameshaanza kwenda chuo? Azimio la Arusha 1967 alikuwa na chombo chake au cha tajiri? Mwaka 1998, matumbawe yalipogeuka meupe, alikuwa akivua wapi? Rekodi mazungumzo kwa vipande vya nusu saa, simu iwe shubiri moja au mbili kutoka mdomoni, panga boi likiwa limezimwa.

Ngalawa nayo isiachwe. Kama hakuna wa kuvua nayo mwaka huu, ipandisheni juu ya magogo mawili, kivulini, ifunikwe kwa makuti na si kwa turubai la nailoni, mipasuko ijazwe pamba iliyolowa mafuta ya nazi. Chombo kilichokaa juani kusi mbili hakitarudi majini.

Na wewe uliyeniandikia kutoka Sahare, kabla ya yote hayo fanya jambo moja leo. Tafuta kitochi cha babu, ile simu yake ndogo, kichomeke chaji, usitoe laini. Fungua kengele zake uzisome. Wazee wengi huweka kengele kwa kila jukumu: moja ya saa 10 na robo usiku, moja ya mchana siku za chuo, labda moja ya Alhamisi ambayo hakuna nyumbani anayejua ni ya nini. Ziandike zote kwenye kaunta buku, siku na saa, kabla mtu hajakifuta na kumpa mtoto achezee. Ile isiyojulikana, mpelekee bibi.